Yai Umeliatamia Tangu Form One

Oya mwanangu wa Bariadi, sogea hapa kivulini, boda iache ipoe. Leo tunaongea yai. Siyo la chipsi. Yai lenyewe, ung'eng'e, ile kitu inayokufanya ukumbuke ghafla una mtu wa kumpigia simu kila mzungu akishuka stendi.

Usinizuge, najua unalo. Umeliatamia tangu Form One. Shule ya msingi miaka saba umepiga Kiswahili, hesabu Kiswahili, sayansi Kiswahili. Halafu Januari moja ukavaa suruali mpya, ukawahi dawati la nyuma, ticha akaingia na chaki yake ya Maswa, akaandika ubaoni "photosynthesis". Hapo hapo kila mtu na Mungu wake. Kuanzia siku ile ticha akiuliza swali, darasa zima lina kitu limedondosha chini ya dawati. Miaka minne umekaa juu ya yai. Halijatotoa. Na sasa linanukia vibaya.

Kichwa unacho, usijisingizie. Noma iko kijiweni. Kitaa chetu ukichapia mara moja umepewa jina la kuzikwa nalo. Kuna mwana hapa alitaka kusema anasikia njaa, akatoa "I am hearing hunger." Imeisha hiyo. Leo hata mama ntilie anamwita Hunger, anamuuliza Hunger ugali au wali. Sasa geuka uwaulize hao wanaocheka njaa inasemwaje. Wote boda zina pancha.

Cheki Kanumba, yule staa wa Bongo muvi. Mtoto wa Shinyanga, na enzi hizo Bariadi nayo ilikuwa Shinyanga, Simiyu imekuja kuwa mkoa 2012, kwa hiyo ni wetu, usinibishie. 2009 akaingia kama mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa, akatema yai lake Afrika nzima inaangalia. Bongo wakamcheka kishenzi. Sela angeweza kurudi kuatamia. Wapi! Akaendelea kupiga kazi na Wanaijeria, akaja kukaa kwenye filamu ya Devil Kingdom na Mnaijeria Ramsey Nouah, fremu moja, uso kwa uso. Waliomcheka walikuwa wapi? Sebuleni, rimoti mkononi.

Kuna wengine sasa, hawa ndio wananimaliza. Mabishoo. Mtu kaenda Mwanza kwa mjomba wiki mbili. Mbili! Karudi pua imeziba. Maji anaita "wora". Ukimsalimia "mwadila" anakuangalia kama umemtukana. Pamba katupia, na Bariadi kwa pamba hatujambo, tunalima na tunavaa, lakini mdomoni yai viza. Unamuuliza swali la pili anarudia jibu la kwanza. Mwanangu, hakuna ushamba kama lafudhi ya Marekani iliyopanda basi Nyegezi. Ongea na lafudhi yako ya Kinyantuzu, neno tu lisikike. Wanaijeria wanaongea Kinaijeria chao na dunia nzima inakaa kimya inasikiliza.

R inakusumbua? Inatusumbua wote, Kisukuma hakikutuandalia. Mwana mmoja wa boda pale stendi alipata abiria mzungu wa Nyakabindi, begi kubwa mgongoni. Akataka kumtahadharisha kwamba njia ina mashimo. Akajikaza kiume: "My friend, this load is very bad." Mzungu akaliangalia begi lake. Akaomba radhi. Akaongeza buku tano ya mzigo. Sela akasema "thank you", akawasha pikipiki. Mpaka leo hajarekebisha hiyo R na mimi simlaumu.

Tuje kwenye mkwanja. Mimi hapa nimeliwa laki na nusu, kozi ya miezi mitatu, jina la chuo naliacha maana bado nina hasira. Badilisha hiyo kuwa kilo za pamba uone kama hutalia. Tulifanya nini? Tenses. Kumi na mbili zote, tumeziimba kama kwaya. Nikatoka naijua past perfect continuous, ila muuza duka Mhindi akiniuliza "anything else?" nabaki nimeduwaa. Cheti kina ukingo wa dhahabu, bi mkubwa kakitundika sebuleni karibu na kalenda. Kozi ya kwenye simu nayo ni balaa, somo la kwanza kitonga, la pili wanataka kadi ya benki. Kadi ya nani? Na bando umekopa.

Skuli ya kweli, na usimwambie mtu, ni banda umiza. Jero mlangoni. Kaa karibu na spika, waache wanaobishana mkeka wao. Msikilize mtangazaji. Straika kapaisha, yeye anasema "he should have scored". Ila sikiliza vizuri, hasemi hivyo. Anasema "hi shuda skod". Maneno manne yamemezwa kama matonge. Hapo ndipo ticha alipotuficha. Sisi mdomo wetu umezoea karibu kila silabi iishe na irabu, na mkazo ukae silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "street" inakuwa "sitiriti" na "comfortable" tunaitembelea vituo vyote kama basi la Lamadi. Mwingereza anapiga moja kwa moja: "kamftabo". Basi rudia. Kwa sauti ya chini, sekunde moja nyuma ya mtangazaji, kila alichosema na mdundo wake. Mwezi mmoja mdomo unalainika. Bando likiwepo, BBC Learning English wako bure, fanya vile vile.

Na acha kutafsiri, mzee baba. Simu ikigoma unasema "my phone has refused". Imekukatalia nini, posa? Mshkaji hamjaonana siku nyingi unamwambia "you are lost", anatoa ramani. Beba vipande vizima kama vilivyo. "Long time!" "Hang on." "Say that again?" Hicho cha mwisho ni dhahabu, maana mzungu akirudia wewe umeshapata muda wa kupanga jibu. Nina vipande kama ishirini tu na mademu wa chuo wanadhani nimesoma Nairobi.

Nyumbani usitegemee sapoti. Agosti 2019 SADC walipokipitisha Kiswahili kuwa lugha yao ya nne rasmi, dingi alisikia redioni, akazima, akatangaza kwamba vita imeisha, sasa ni zamu ya wazungu kujifunza. Nikamwambia SADC ni kina Zambia na Botswana. Akasema ni walewale. Tangu hapo akinikuta najisemesha geto anagonga dirisha: "Utaongea Kizungu na nani wewe, na ng'ombe?"

Mwana, nikaona ni wazo.

Sasa hivi nikiwapeleka lamboni jioni nawasimulia mechi yote. Kuanzia kikosi. Nachapia, narudia, nachapia tena. Kuna dume moja jeusi linatafuna taratibu limenikazia macho, halijawahi kuniuliza hiyo ni tense gani. Halijanipa jina. Mechi ya tatu nikajishtukia sipangi tena sentensi kichwani, zinakuja zenyewe, na R mbili tatu zimo.

Wiki iliyopita nimenogewa na dakika za nyongeza, dume likapenya, likaingia kwenye pamba ya jirani. Dingi katoka mbio, fimbo juu, kandambili moja kaiacha njiani, anapiga kelele kitongoji kizima kinasikia: "Situpidi! Go! Go, situpidi!"

Hilo ndilo yai lake lote. Maneno mawili, kakaa nayo tangu middle school. Jirani alikuwa amesimama pale pale, hakucheka. Dume likatoka.