Umedhurika? Haki zako zinaanza kabla ya kesi

Wengi hapa makazini hudhani kwamba aliyepigwa au aliyebakwa hana haki yoyote mpaka mshitakiwa asimame mbele ya hakimu. Sivyo. Hapa Uganda haki zako zinaanza saa ileile ulipodhurika, na nyingine hupotea usipozitumia upesi.

Anza na kituo cha afya. Fomu ya polisi ni karatasi ya ushahidi, si kibali cha kutibiwa. Kama umebakwa, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianze ndani ya saa 72. Kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Dawa ya kuzuia mimba hufaa hadi siku 5, lakini mapema ni bora. Usioge kwanza. Nguo ulizovaa zifunge kwenye karatasi, maana ndani ya plastiki huoza kwa unyevu. Umeshaoga? Njoo hivyohivyo. Unaweza kukataa kipimo usichokitaka na bado ukatibiwa.

Polisi watakupa Fomu 3 kwa majeraha, au Fomu 3A kwa ubakaji, ambayo hata mkunga aliyesajiliwa anaweza kuijaza. Fomu hizo haziuzwi. Maelezo yako yakiandikwa kwa Kiingereza, omba mkalimani, na usitie sahihi wala dole gumba kabla hujasomewa yote na kusahihisha yaliyokosewa. Usiondoke bila namba ya SD, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Bila namba hiyo, wiki ijayo unaweza kuambiwa kwamba hukuwahi kufika.

Sasa jambo gumu. Ugomvi wa mpaka wa shamba wazee huumaliza vizuri, pengine kuliko mahakama. Lakini ubakaji, au kumwingilia mtoto wa chini ya miaka 18, si kesi ya wazee, wala ya viongozi wa wakimbizi, wala ya LC1. Familia mbili zikipatana kwa mbuzi, mtoto hubaki bila dawa na mkosaji hubaki jirani yake. Mama, ukiombwa unyamaze kwa ajili ya heshima ya ukoo, mlete mtoto kwanza. Hayo mengine yatazungumzwa baadaye.

Na kama anayekupiga ni mume wako? Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inamruhusu hakimu kutoa amri ya ulinzi, hata kama hakuna mashitaka ya jinai.

Mtuhumiwa akionekana sokoni, usidhani kesi imekufa. Katiba ya mwaka 1995 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, kwa hiyo polisi humwachia kwa dhamana huku upelelezi ukiendelea. Nenda na namba yako ya SD ukaulize jalada limefika wapi. Akikutisha, mwambie mpelelezi siku hiyohiyo. Usiposikilizwa kituoni, panda kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakufungulia mahakama za nchi hii, hivyo asikuambie mtu kwamba mgeni hashitaki.