Viluwiluwi wa Madimbwi ya Mbuga

Katika lugha yetu jina "kiluwiluwi" lina kazi mbili, nalo limewapoteza watu wengi. Mtoto wa mbu huitwa kiluwiluwi, na mtoto wa chura huitwa vivyo hivyo; basi mtu aliyeagizwa na Bwana Afya kuangamiza viluwiluwi huenda akafukia dimbwi lililojaa watoto wa vyura, akauacha mkebe wa maji ya mvua nyuma ya nyumba yake, na kumbe mbu wamo humo. Kuwatambua si kazi. Wa mbu ni mwembamba kama uzi, hukaa karibu na uso wa maji apate kuvuta pumzi, na maji yakitikiswa hushuka akijipindapinda. Wa chura ana kichwa na tumbo vya mviringo, na mkia bapa kama wa samaki. Huyu wa pili ndiye nitakayemweleza hapa.

Aijuaye mbuga ya Wembere, huko Igunga, amekwisha kuona jinsi udongo wake unavyopasuka wakati wa kiangazi, hata mtu hawezi kudhani kwamba chini yake yumo kiumbe hai. Lakini wamo vyura waliojizika humo miezi yote ya jua. Mvua kubwa za Novemba au Desemba zikinyesha, kelele huanza usiku ule ule. Wanaolia ni madume, kila mmoja akimwita jike wa namna yake kwa sauti ya namna yake. Jike hutaga majini, na dume aliyempanda mgongoni humwaga mbegu juu ya mayai yanapotoka. Mayai hayana ganda, bali yamezungukwa na ute unaovimba ukilowa. Yule chura wa ngozi yenye vipele, ambaye hutujia usiku kutafuta wadudu chini ya taa, hutaga mayai meusi yaliyopangwa katika nyuzi ndefu kama shanga, na jike mmoja aweza kutaga zaidi ya 10,000. Wala si mengi kupita kiasi, maana ndege, samaki na wadudu wa majini huwala watoto karibu wote.

Baada ya siku chache mtoto hutoka. Kwanza ana matamvua nje ya shingo, kisha ngozi huyafunika. Mdomo wake una safu za vijino vidogo vya kukwangulia utando wa kijani ulioshika majani na matope. Na kwa kuwa chakula hicho si chepesi kusagika, utumbo wake ni mrefu mno, umejiviringa kama kamba, hata waweza kuuona ukimpindua tumbo juu.

Kisha miguu ya nyuma huchipua. Mikono hukua kwa siri chini ya ngozi, halafu hutokeza ghafula. Ndipo mwili wote hutengenezwa upya: kinywa hupanuka, utumbo hufupika, matamvua hutoweka na mapafu hushika kazi. Siku hizo hawezi kula. Je, anaishi kwa nini? Kwa mkia wake. Wapo wasemao kwamba mkia hukatika ukaanguka. Sivyo, mwili huuyeyusha na kuutumia kama akiba ya ghalani.

Amri ya kugeuka hutoka katika tezi ya shingoni, ile ambayo kwa binadamu ikivimba huitwa rovu. Mwaka 1912 mtaalamu Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya shingo ya farasi, nao wakageuka kabla ya wakati, wakawa vyura wadogo ajabu. Baadaye wengine waliondolewa tezi hiyo. Wakazidi kunenepa, lakini hawakugeuka kamwe.

Mabadiliko hayo yote hushindana na jua. Dimbwi likianza kukauka, viluwiluwi wa namna nyingi huharakisha kugeuka, nao hutoka wadogo kuliko wenzao waliopata maji ya kutosha. Tena aliye mdogo hufa upesi nchi kavu. Asiye na miguu hukaukia matopeni.

Vyura wengine wana hila zao. Katika sehemu kavu za nchi yetu wapo wanaotaga katika povu jeupe juu ya matawi yaliyoinamia maji. Povu hilo huganda nje, ndani hubaki majimaji, na baada ya siku kadhaa watoto hudondoka dimbwini. Huko kusini mwa Afrika yuko chura mkubwa sana ambaye watoto wake hugeuka kwa muda wa majuma matatu au manne tu. Dume huwalinda, humrukia hata mtu akaribiaye. Akiona maji yao yanakwisha, huchimba mfereji kwa miguu yake ya nyuma hata kwenye dimbwi lenye kina, maji yakapita, na watoto wakapita pamoja nayo.