Fani na Maudhui katika Mapambo ya Manukato ya Gari

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, harufu haionekani wala haishikiki. Ikifungiwa ndani ya pakiti haiwezi kujiuza yenyewe. Hilo ndilo tatizo linalomkabili kila anayebuni manukato ya gari. Makala hii inadhamiria kuonyesha jinsi umbo na pambo vinavyolitatua, na kwamba istilahi za fani na maudhui, tulizozizoea katika uhakiki wa fasihi, zaweza kutufaa hata katika kuvichambua vyombo vidogo kama hivi.

Tuanze na mfano unaofahamika mno. Mnamo mwaka wa 1952, mkemia Julius Sämann alibuni, katika mji wa Watertown, jimbo la New York nchini Marekani, kipande cha karatasi nene kilicholoweshwa mafuta ya kunukia na kukatwa kwa umbo la msonobari. Umbo hilo si pambo tupu. Kwanza, humdokezea mnunuzi harufu ya msitu kabla hajafungua pakiti. Pili, ncha nyembamba ya mti hutangulia kutolewa mfukoni, kisha mfuko huteremshwa kidogo kidogo ili harufu isitoke yote kwa mkupuo. Hapo fani huyabeba maudhui na kuyapimia mwendo. Baadaye mti uo huo ulitiwa harufu nyingine, vanila ikiwemo. Kiashiria kikabaki msonobari, kiashiriwa kikabadilika. Unasibu tunaousoma katika isimu ukajitokeza dukani.

Manukato yanayobanwa kwenye matundu ya hewa ya dashibodi yana masharti magumu zaidi. Hewa inayosukumwa na feni hupita kwenye kitambaa au utando uliolowa mafuta, ikayachukua na kuyasambaza. Kwa hiyo, msanii akiunda ua, sharti aache nafasi baina ya petali. Akiunda sura ya mnyama, sharti aitoboe. Pambo likiziba tundu, harufu haifiki, na hewa pia inakosekana. Likiwa zito, vibao vyembamba vinavyoshikilia kibanio huinama. Aidha, jua linalopiga dashibodini hupausha rangi na kupinda plastiki dhaifu. Hali hii yafanana na ya mtunzi wa shairi la arudhi: mizani na vina humbana, lakini umahiri wake hudhihirika ndani ya mipaka iyo hiyo.

Isitoshe, kuoanisha pambo na harufu si jambo geni kwetu. Katika upwa wa Afrika Mashariki, kikuba cha asmini na rehani kinachovaliwa na wanawake hutazamwa na kunuswa kwa wakati mmoja. Mrashi nao una shingo ndefu na kichwa kilichotobolewa, ili marashi yatoke kwa matone. Katika vyombo hivi pia, tundu ni sehemu ya sanaa.

Tatizo huzuka pambo linapodumu kuliko harufu. Mafuta hukauka baada ya wiki kadhaa, lakini ua la plastiki hubaki likichanua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mbunifu mwema, basi, ni yule anayewezesha mafuta kutiwa upya, ili fani isibaki ganda lisilo maudhui.

Limebaki suala la jina. Wengi wetu hukiona chombo hiki katika matatu na teksi, na hukitaja kwa Kiingereza. Neno manukato hurejelea harufu, si chombo chenyewe. Twapendekeza kinukishi, kutokana na kitenzi nukisha, kwa unyambuzi ule ule uliotupa kiunganishi kutokana na unganisha. Mwenye neno bora zaidi na alitoe, tulipime pamoja. Lugha isiyovipa majina vitu vya kila siku huviachia lugha nyingine kuvimiliki.