Chakula Kutoka Angani: Jinsi Raia wa Sudan ya Kusini Walivyosaidiwa Wakati wa Vita

Kwa miaka mingi wakaaji wa Lokichoggio, katika nchi ya Turkana, waliona eropleni kubwa zikielekea Sudan zikiwa na shehena na kurudi tupu. Yafaa ijulikane kazi hiyo ilianzaje, na kwa nini ilikuwa ngumu.

Vita baina ya Serikali ya Khartoum na jeshi la SPLA vilianza mwaka wa 1983. Katika njaa ya mwaka wa 1988, inakadiriwa kwamba watu wapatao 250,000 walikufa. Njaa hiyo haikuletwa na ukame peke yake. Ng'ombe walinyang'anywa, vijiji vilichomwa moto, na njia zikafungwa. Kwa hiyo, mwezi wa Aprili, 1989, Umoja wa Mataifa ulipatana na pande zote mbili kwamba chakula na dawa viwafikie raia popote walipo. Mpango huo uliitwa Operation Lifeline Sudan.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Kwanza, Serikali ya Khartoum ilipelekewa orodha ya mahali palipohitaji msaada, nayo iliweza kukubali au kukataa. Pili, watumishi wa msaada walitangulia, wakachagua uwanja, wakautia alama, na kuwaweka mbali watu na wanyama. Tatu, eropleni ilishuka chini na kumwaga magunia bila miavuli. Nafaka ilitiwa katika gunia lililovikwa gunia jingine, ili la ndani likipasuka, la nje liizuie isitawanyike.

Lakini gunia haliwezi kumpita mwenye bunduki kwa nguvu zake lenyewe. Mikataba ya Geneva ya mwaka wa 1949 huagiza kwamba mtu asiyepigana atendewe utu, hata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa 1995 wakuu wa SPLA walitia sahihi kanuni za kuheshimu agizo hilo. Hata hivyo baadhi ya chakula kiliendelea kuingia mikononi mwa askari.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1998, baada ya mapigano ya Wau, Serikali ya Khartoum ilikataza eropleni kwenda Bahr el Ghazal kwa muda wa majuma kadhaa. Maelfu ya watu walikufa katika njaa ya mwaka ule. Mashirika ya msaada yalipaza sauti, picha za wenye njaa zikaenea duniani, na ruhusa ikapatikana. Lakini kwa wengi ilikuwa imechelewa.

Mapatano ya amani yalitiwa sahihi mjini Nairobi tarehe 9 Januari, 2005. Basi jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kuwatetea raia mbele ya wenye silaha ni sehemu ya msaada, sawasawa na mahindi na dawa, kwa maana ruhusa ikikosekana, ghala iliyojaa haimshibishi mtu.