Kina cha Mtaro na Kimo cha Jino: Istilahi za Tairi la Baiskeli ya Milimani

Neno "kipara" limekwisha kupata makazi yake katika lugha ya barabarani, wala hapana anayelitilia shaka. Madereva hulitumia, askari wa usalama barabarani hulitumia, na magazeti hulichapa bila ya kulifafanua. Tairi kipara ni tairi ambalo uso wake umelika hata ukawa laini kama utosi usio na nywele. Sitiari hii ni nzuri, nasi hatuna kusudi la kuigusa. Taabu yake ni kwamba hutaja mwisho wa safari tu. Kati ya tairi jipya na tairi kipara mnunuzi hana neno la kumwuliza muuzaji ni umbali gani tairi limekwisha kwenda katika njia ya kulika. Kwa mwenye gari upungufu huu hufidiwa na kipimo cha sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mitaro ya tairi la gari dogo haitakiwi kupungua chini ya milimita 1.6. Kwa mwenye baiskeli ya milimani kipimo cha namna hiyo hakuna, na neno "kipara" lenyewe huweza kumpotosha.

Tumeichagua baiskeli hiyo kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha waziwazi kwamba dhana mbili zinaweza kujificha nyuma ya neno moja. Baiskeli ya milimani ilitokana na vijana wa Marin, California, walioteremka njia za vumbi za mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene. Shindano lao mashuhuri, Repack, lilianza mwaka 1976, na kufikia mwaka 1996 mchezo huo ulikuwa umeingia katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Kwetu baiskeli hizi wengi huzipata zikiwa mitumba, matairi yake yakiwa yamekwisha kutumika katika nchi nyingine, na muuzaji huyasifu kwa neno moja tu: "Bado mapya."

Tuanze na jina la sehemu yenyewe, yaani lile tabaka la mpira linalogusa ardhi. Mtu aliyezoea kutafsiri sisisi angependa kuliita "kanyagio", kwa hoja kwamba ndilo linalokanyaga. Hapana budi kulikataa pendekezo hilo mara moja, kwani kanyagio la baiskeli tunalijua: ni pale mguu unapotia nguvu. Baiskeli moja haiwezi kuwa na makanyagio ya aina mbili. "Uso wa tairi" ni jina lisilo na kosa, nalo linafaa kwa tabaka zima, liwe na michoro au lisiwe nayo.

Kwa michoro yenyewe mafundi na wauza matairi wamekwisha kutupatia neno, nalo ni "kashata". Wapo watakaosema kwamba neno la sinia la vitafunio halistahili kuingia katika orodha ya istilahi. Sisi tunaona kinyume. Kashata ya nazi au ya karanga hukatwa ingali na moto, kisu kikipita huku na huku hata vikabaki vipande vilivyotengwa na mistari. Aliyelihamisha neno hilo kutoka kwenye sinia hadi kwenye tairi aliona sura iliyo sawasawa, na alifanya kazi ambayo kamati ingeifanya kwa vikao kadhaa. Basi kashata na ibaki kuwa jina la mpangilio mzima: kashata za tope, kashata za njia kavu, kashata za lami.

Linalobaki ni kuzitaja sehemu za kashata, na hapa ndipo gari na baiskeli zinapoachana. Tairi la gari ni uso mpana uliochimbwa mitaro. Kazi ya mitaro hiyo ni kuyapa maji ya mvua mahali pa kukimbilia. Ikijaa au ikilika, tairi hupanda juu ya maji na dereva hushika usukani usiotii. Kwa hiyo kinachopimwa ni kile kisichokuwapo, yaani uwazi, na neno "kina" ndilo mahali pake: kina cha mtaro. Tairi la baiskeli ya milimani limejengwa kinyume. Ni uso mwembamba wa mviringo ulioota vinundu vya mpira, na kazi ya vinundu hivyo ni kuingia katika udongo na kuushika. Kinachopimwa ni kile kilichopo, tangu shina lake hadi ncha yake. Mafundi huviita "meno", na kwa meno hatusemi kina, tunasema kimo. Kimo cha jino, basi, kwa baiskeli, na kina cha mtaro kwa gari. Rula ingeweza kutoa tarakimu ileile katika hali zote mbili, lakini swali linaloulizwa si moja.

Msomaji asidhani kwamba huu ni ubishi wa maneno matupu. Anayepima kina huamini kwamba kila milimita iliyopungua ni hatari iliyoongezeka. Kwa baiskeli ya lami imani hiyo si kweli. Tairi lake ni jembamba, lina umbo la mviringo na limejaa upepo mwingi, hivyo hulisukuma maji pembeni lenyewe, na kwa mwendo wa kawaida halielei. Tairi laini lisilo na kashata hata moja, lililotengenezwa hivyo kiwandani, hushika lami vizuri kuliko tairi la meno marefu, ambalo meno yake huyumba kila baiskeli inapolala kwenye kona. Kuliita hilo tairi kipara ni kulitukana bure. Aliyetoka kiwandani bila ya nywele hakunyolewa.

Katika njia ya udongo mambo hugeuka. Chukua njia za milima ya Usambara wakati wa masika, udongo mwekundu ukiwa umelainika. Hapo yanahitajika meno marefu, milimita 4 na zaidi, nayo yasisongamane. Lugha yetu ina neno la tayari kwa nafasi iliyopo kati ya jino na jino, nalo ni "mwanya". Tairi lenye meno marefu lakini lisilo na mwanya hujaa tope baada ya mizunguko michache, na tangu hapo mpanda baiskeli huwa anaendesha juu ya udongo alioubeba mwenyewe. Wakati wa kiangazi, njia hiyohiyo ikiwa ngumu kama sakafu, meno ya milimita 2 au 3 yaliyokaribiana katikati ya uso hukimbia vyema zaidi, mradi meno ya pembeni yawe imara, kwa sababu hayo ndiyo yanayofanya kazi kwenye kona. (Kuna aliyependekeza kwamba shina la jino liitwe "ufizi". Tulicheka, kisha tukasita, "shina" linatosha.)

Sasa tuje kwenye kulipima tairi lililokwisha kutumika. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao mnunuzi haupati anapobaki na neno "kipara" peke yake, kwa sababu tunatenganisha kulika, kuzeeka na kuchanika.

Kulika ni kupungua kwa kimo. Lakini jino la tairi hufa kabla ya kuisha. Ukingo wake wa mbele ndio unaouma ardhi, na ukingo wa upande wa pili ndio unaokaza breki inaposhikwa; kingo hizo zikiisha kuviringika, jino lililobakiwa na kimo kizuri huteleza kama kokoto. Kwa hiyo asiyekuwa na kipimo apitishe kidole juu ya meno ya katikati, mbele na nyuma, ahisi kama kingo bado ni kali. Kisha ayalinganishe na meno ya pembeni, ambayo aghalabu hulika kidogo. Ulinganisho huo si kamili, maana katika matairi mengine meno ya pembeni ni marefu tangu kiwandani; aliye na tairi jipya afadhali apime kimo siku anayolinunua na kukiandika mahali.

Kuzeeka ni jambo jingine. Tairi lililokaa miaka juani au stoo huweza kuwa na meno yote, marefu na makali, huku mpira wenyewe umekakamaa na ubavu umejaa nyufa ndogondogo. Mnunuzi anayeuliza kipara tu atalichukua kwa furaha. Alikunje kwa mikono miwili, autazame ubavu kwenye mwanga. Akiona nyufa zinafunguka, au nyuzi za kitambaa zinachungulia, alirudishe. Kuchanika huonekana kwenye shina la meno ya pembeni, ambapo mpira huanza kuachana na kitambaa. Tairi la namna hiyo halifai kwa mteremko wowote, kimo chake kiwe kiasi gani.

Kuhusu ukubwa tungeweza kunyamaza, ila madukani neno "inchi" limefanya uharibifu mkubwa mno. Matairi yanayoitwa ya inchi 26 hukaa katika rimu za vipenyo mbalimbali: lile la baiskeli ya milimani ni milimita 559, na lile lenye maandishi 26 x 1 3/8 ni 590. La kushangaza zaidi ni kwamba rimu ya baiskeli ya milimani iitwayo inchi 29 ni milimita 622, nayo ni ndogo kuliko rimu ya ile baiskeli nyeusi ya mizigo ya 28 x 1 1/2, ambayo ni 635. Tarakimu ya kuaminiwa ni ile iliyochapwa ubavuni kwa jozi, kama 57-559: ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha rimu pale ukingo wa tairi unapokaa. Tunapendekeza iitwe "kipenyo cha kikao".

Mtu akiwa na tairi moja bora na jingine lililolika kiasi, lile bora liwe mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mpanda baiskeli hushtuka na aghalabu hujirekebisha. La mbele likiteleza, huanguka. Na kwa kuwa la nyuma hubeba uzito zaidi na ndilo linalosukuma, hulika upesi, hivyo desturi ya kulihamishia nyuma tairi la mbele na kuweka jipya mbele ni desturi yenye akili.

Dhana moja bado haijapata jina la kuridhisha, nayo ni ule ukali wa ukingo wa jino tuliousema hapo juu, ambao hupotea kabla ya kimo. "Makali" hutufikirisha kisu. Wasomaji walio karibu na mafundi wa baiskeli, hasa wa Lushoto, Njombe na Mbeya, wanaombwa watuandikie neno wanalolisikia huko, pamoja na sentensi lilimotumika.