Mkarafuu Mmoja na Nusu

Na Katibu wa Jumuiya

Wanachama wenzangu, ukurasa huu mmeuzoea kwa habari za miche, majamvi na bei. Leo naomba mniwie radhi, maana nataka kusema juu ya jambo lisilopimwa kwa mizani ya kituoni, nalo ni mtu aliyefiwa na mwenziwe kupenda tena, akataka kuoa au kuolewa. Msidhani kuwa nimetoka nje ya kazi mliyonipa. Someni mpaka mwisho, mtaona kuwa habari hii na daftari la Jumuiya yetu zimefungamana.

Mwezi uliopita nalikuwa nasahihisha daftari la wanachama. Nikakuta mashamba mengi yangali yameandikwa majina ya watu tuliokwisha kuwazika. Mikarafuu yao huchumwa kila msimu, karafuu hupelekwa kituoni, fedha hugawanywa kwa kukisia, na mirathi haijafanywa. Nikiwa katika kazi hiyo akaingia mzee mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, amekuja kulipa ada. Alipokwisha kupewa risiti hakuondoka. Akaikunja ile risiti, akaikunjua, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Katibu, mtu wa umri wangu akioa, watu watasemaje?"

Mkewe mzee huyo amefariki miaka minne sasa. Nikamwambia, "Mzee wangu, watu watasema siku saba, kisha watachoka."

Akatikisa kichwa. "Si watu. Ni wanangu. Wanasema nataka kumpa mgeni mikarafuu ya mama yao."

Hapo nikanyamaza, kwa sababu maneno hayo nayajua. Niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Baba yangu alifariki mwaka 2009, mwishoni mwa msimu, karafuu zake za mwisho zikiwa bado ziko juani. Alimwacha mama yetu, na sisi watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu, na mikarafuu 48. Mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, kama sheria inavyomtaka mjane asiye na mimba. Alipotoka edani alirudi shambani. Mirathi hatukugawa. Tulisema kwamba kugawa mapema ni kama kukifurahia kifo cha baba. Wengi wenu mnaujua usemi huo, nao ukiusikia unadhani ni heshima. Kwetu sisi heshima hiyo ilizaa fitina.

Msimu wa pili baada ya msiba ndipo alipoanza kuonekana jirani yetu mmoja, naye kafiwa na mkewe, shamba lake limepakana na letu. Siku moja mawingu yalifunga ghafula, na sisi vijana tuko juu ya miti. Mama yuko peke yake uwanjani, na majamvi manane yamejaa karafuu nusu kavu. Hapana haja ya kuwaeleza ninyi hasara ya karafuu iliyolowa ikiwa katika hali hiyo. Yule bwana alikuja mbio kutoka kwake, akayakunja majamvi pamoja na mama, na la mwisho likaingia ndani pamoja na matone ya kwanza. Jioni tukapata habari kuwa na yeye alikuwa ameanika siku ile. Zake zililowa zote.

Mama alimpelekea kikapu cha muhogo kwa kumshukuru. Nanyi mnajua desturi yetu, chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Kikapu kilirudi na ndizi. Mama akakipeleka na mbaazi, kikarudi na samaki. Kikapu kile hakikupumzika mwaka mzima, na mama yangu, ambaye tangu msiba alikuwa akijibu kwa neno moja moja, akaanza kucheka tena jikoni.

Mimi nalikuwa na miaka 23 wakati huo, mwanamume wa kwanza, nimemaliza sekondari, najiona ndiye baba wa nyumba. Walipokuja wazee wawili kuposa, niliwakaribisha barazani, nikawapa kahawa, kisha nikawaambia kuwa mimi ndiye walii wa mama, na kwamba mimi sikubali. Nikaongeza neno ambalo mpaka leo likinijia usiku hunikosesha usingizi. Nilisema, "Hapana mgeni atakayeingia hapa kula jasho la baba."

Mama alikuwa nyuma ya pazia, kasikia yote. Hakunijibu. Alikichukua kile kikapu, akakitundika juu ya mlango wa jikoni, na kikakaa hapo miaka mitatu.

Mwaka 2014 nikataka kuoa mimi. Nikahitaji fedha, nikahitaji kujua mikarafuu iliyo yangu ni ipi. Tazameni hali ya mwanadamu: mirathi iliyokuwa aibu kugawa kwa ajili ya mama, ikawa halali kugawa kwa ajili yangu. Nikaenda kwa maalim wangu aliyenisomesha chuoni. Alikuja shambani, tukaipitia mikarafuu yote, mizuri na dhaifu, ili mafungu yalingane, kisha akaketi chini akapiga hesabu. Mume akiacha watoto, mke hupata thumni, yaani fungu moja katika manane. Thumni ya 48 ni mikarafuu 6. Ikabaki 42, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: sisi wanaume 12 kila mmoja, dada zetu 6 kila mmoja. Kazi iliyotushinda miaka mitano ilimalizika kabla ya adhuhuri.

Alipokuwa akivaa viatu, maalim akaniuliza, "Na mama yako mbona hajaolewa? Nalisikia aliposwa na mtu mwema."

Nikamwambia ukweli, kuwa mimi kama walii nilikataa, kwa kuihofia mali ya baba.

Maalim akaketi tena. "Nani kakupa uwalii? Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto hawi walii wa mama yake kwa sababu ya kuwa mwanawe. Babu yako amekwisha kufa, basi walii wake ni mjomba wako. Ulikalia kiti kisicho chako. Sasa mali. Mama yako akiolewa leo akafa kesho, mumewe atarithi nini, naye ana watoto?"

"Robo," nikasema.

"Robo ya nini?"

"Ya mali yake mwenyewe."

"Na katika shamba hili mali yake ni mikarafuu 6. Robo ya sita ni ngapi?"

Nilichelewa kujibu, si kwa ugumu wa hesabu. "Mmoja na nusu."

"Basi huo ndio uliomfungia mama yako mlango miaka mitatu," akasema. "Mkarafuu mmoja na nusu. Na huenda mume akafa kwanza, mama yako ndiye akamrithi yeye."

Nilikwenda nyumbani nikamkuta mama anachambua makonyo. Niliketi mbele yake, nikamwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu, mikono yake haikuacha kazi. Kisha akasema: "Baba yako nalimpenda baada ya kuolewa. Huyu nimempenda kabla. Mungu kanionjesha yote mawili, na la pili halikulifuta la kwanza." Akainuka, akakitungua kikapu, akawapangusa buibui waliokuwa wamejenga ndani, akatia maembe, akanipa mimi nipeleke.

Aliozeshwa na mjomba mwaka ule ule. Baba yetu wa kambo ana desturi moja: kila msimu, kabla hatujaanza kuchuma, husimama chini ya mkarafuu mkubwa ambao baba aliupenda, akamsomea Fatiha. Mwaka mmoja nilimsikia akimkemea mchumaji, "Tawi lile usilivunje, marehemu alikuwa akilitunza." Huyo ndiye mgeni niliyesema atakula jasho la baba.

Wako watakaosema kwamba mjane aliyepita ujana akiolewa amemsaliti aliyekufa. Na wasome tarehe. Bibi Khadija alikuwa mjane alipoolewa na Mtume. Asma binti Umais alifiwa na Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta mwaka 629, akaolewa na Sayyidna Abu Bakar. Naye alipofariki mwaka 634 akaolewa na Sayyidna Ali, ambaye alimlea mtoto wa Abu Bakar nyumbani mwake. Hapana aliyesema kuwa bibi huyo amemsahau Jaafar. Na sisi wakulima tuna mfano wetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na watu walipanda tena, hawakuambiwa kuwa wameidharau ile ya kwanza. Hata leo mtu wa miaka 55 akipanda mche utakaomkalisha miaka sita au minane kabla ya kuzaa, tunamsifu kwa matumaini yake. Kwa nini basi akitafuta mwenzi wa kungoja naye tunamcheka?

Sasa niseme yaliyo ya kazi yetu.

Kwanza, mirathi igawanywe mapema, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi. Mwendeeni kadhi, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mjane aliyekwisha kupewa fungu lake halipotezi kwa kuolewa; ni lake, na mume mpya hana amri juu yake. Tena mirathi ikiwa wazi, ni rahisi kumtambua mposaji aliyekuja kwa ajili ya shamba, maana wako wa namna hiyo pia. Mkiona mtu anauliza habari za mikarafuu kabla ya kuuliza hali ya mwenyewe, shikeni tahadhari.

Pili, mjane aliye edani asiposwe waziwazi. Kudokeza kwa heshima kunaruhusiwa, kuahidiana na kufunga ndoa hapana. Mwanamume hana eda, walakini na atazame machozi ya wanawe yamekauka au bado.

Tatu, mwanamume aliyefiwa na mkewe mwenye watoto, lake ni robo ya mali ya marehemu. Yanayobaki ni ya warithi wengine, watoto wakiwa ndani yao, na awakabidhi mbele ya mashahidi kabla hajatuma posa. Mali yake mwenyewe ni yake maadamu yu hai, na akitaka anaweza kuwapa watoto hiba kwa usawa. Lakini asiwafiche neno: mke mpya atakuwa na haki yake ya thumni, na Mungu akijaalia watoto wengine, nao watarithi. Bora wayasikie kwake kuliko kuyasikia barazani.

Nne, asiyetaka kuoa wala kuolewa tena naye aachwe kwa heshima yake. Shauri langu si kumsukuma mtu mlangoni, ni kuutoa mkingamo.

Mzee wangu wa risiti nilimweleza yote haya, akaenda zake. Baada ya wiki mbili alirudi pamoja na mwanawe mkubwa. Mirathi ya marehemu mkewe imegawanywa, na tulilifuta jina lake daftarini, tukaandika majina ya wanawe mahali pake. Yule kijana alitia sahihi bila ya kunitazama usoni. Nami nilimwelewa, nimepita njia hiyo. Walipokuwa wakitoka, mzee aligeuka mlangoni. Safari hii hakuuliza watu watasemaje. Aliuliza ada ya mwanachama mpya, mwanamke, ni kiasi gani.

Daftari liko wazi kila siku ya kazi, asubuhi. Kila mwenye shamba lililo katika jina la marehemu na aje, tusaidiane kulisahihisha kabla ya msimu.

Wenu katika kazi,
Katibu