Kuuzwa Dukani Si Uthibitisho wa Kuponya

Mkazi anayeingia katika duka la dawa, iwe Mkata wilayani Handeni au Mombo wilayani Korogwe, huweza kukuta bidhaa za mitishamba na virutubisho vikiwa rafu moja na dawa za hospitali. Baadhi hutangazwa kuwa huponya kisukari, shinikizo la damu na vidonda vya tumbo kwa pamoja. Mteja hudhani kuwa zote zimethibitishwa kwa kiwango kilekile. Sivyo.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) husajili dawa baada ya kupima ubora, usalama na ufanisi wake. Tiba asili na tiba mbadala husimamiwa na Baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Namba ya usajili ni jambo la lazima, lakini haithibitishi kila dai lililoandikwa kwenye kopo.

Hilo halina maana kwamba mimea haitibu. Dawa mseto ya malaria itolewayo katika zahanati ina kiambato chenye asili ya mmea wa artemisia. Ilikubaliwa kwa sababu ilijaribiwa kwa wagonjwa na matokeo yake yakapimwa, si kwa sababu ya tangazo.

Hatari kubwa ni mgonjwa kuacha matibabu. Mwenye kisukari anayehitaji insulini akiiacha, sukari hupanda na huweza kupoteza maisha. Aidha, baadhi ya bidhaa ziitwazo za asili, hususan za nguvu za kiume, zimewahi kubainika kuchanganywa kwa siri na sildenafil. Kiambato hicho kikitumiwa pamoja na baadhi ya dawa za moyo, hushusha shinikizo la damu kwa kiwango cha hatari.

Kabla ya kununua, mkazi anashauriwa kuangalia namba ya usajili, jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kumweleza muuzaji dawa nyingine anazotumia. Na kudai risiti. Asiache dawa ya hospitali bila kuonana na mtabibu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, TMDA au kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, pamoja na risiti na kopo lenyewe. Kopo lisitupwe, kwani ndilo ushahidi.